Butiama hadi Mwanza, kwa njia aliyopita Mwalimu

Oktoba 1967 Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, alitoka kijijini kwake Butiama akaenda Mwanza kwa miguu. Ni zaidi ya kilomita 200, na alizimaliza kwa siku nane. Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, lilikuwa limetolewa Februari 5 mwaka huohuo, na vijana sehemu mbalimbali za nchi walikuwa wakitembea kuliunga mkono. Mmoja wao, Seti Benjamini, alifia njiani akielekea Dar es Salaam. Mwalimu naye akashika njia, na Mkutano Mkuu wa TANU, chama kilichotawala wakati ule, mwezi ule ukakaa Mwanza.

Mimi ni mtoto wa Igoma, Mwanza. Barabara aliyoingilia mjini ndiyo niliyokuwa nikiivuka kwenda shule. Habari ya matembezi yale nimeisikia tangu utotoni, ila sikuwahi kuifuata njia yenyewe kutoka mwanzo. Safari hii sikuitembea yote: nilipanda kosta, bajaji na bodaboda, na vipande fulani nikavikata kwa miguu alfajiri kabla jua halijawa kali. Nilichotaka ni kuona kando ya njia ile kumebaki nini cha uongozi wake. Kila Oktoba 14, siku aliyofariki, tunasikia hotuba nyingi kumhusu, lakini watu wanaoishi kando ya barabara hii hawaulizwi.

Jumapili, Butiama

Kosta iliniteremsha Makutano, pale njia ya Musoma inapoachana na ile ya Sirari, na bodaboda ikanifikisha Butiama kabla misa haijaisha. Baada ya kanisa nikapanda Mwitongo, nyumbani kwa ukoo wake. Ni mahali pa majabali makubwa ya mawe, na pimbi wanaota jua juu yake bila wasiwasi wa watu. Hapa alizaliwa Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mugaya, na hapa alizikwa Oktoba 23, 1999, siku tisa baada ya kufariki London.

Wageni walikuwa wengi: wanafunzi waliovaa sare, watawa, na familia moja kutoka Tarime iliyokuja na bibi yao mzee sana. Bibi yule alivua viatu mlangoni kwenye kaburi ingawa hakuna aliyemwambia avue. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama mimi ni wa ukoo. Nikamwambia hapana, natoka Mwanza. Akasema, "Basi wote tumefiwa."

Makumbusho yaliyopo Butiama yalifunguliwa Julai 1999, miezi mitatu tu kabla ya kifo chake. Ndani kuna vitu vyake binafsi, picha, na zawadi alizopewa na wageni wa nchi mbalimbali. Zawadi hizo ziko pale kwa ajili ya wote, na kwangu hilo lina uzito. Hata nyumba kubwa aliyojengewa na jeshi hakuifaidi, kwa kuwa ilikamilika mwishoni kabisa mwa maisha yake.

Nilitumia mchana wote Mwitongo nikiwaza jambo moja. Mtu huyu aliacha madaraka zaidi ya mara moja. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Desemba mwaka huo akarudi kama Rais wa kwanza wa Jamhuri. Mwaka 1985 akang'atuka urais, Ali Hassan Mwinyi akashika, na mwaka 1990 akauachia uenyekiti wa CCM, chama kilichoirithi TANU. Alipomaliza alirudi hapa hapa kulima. Wakati ule marais wengi wa bara letu walitoka ikulu kwa mtutu au kwa jeneza. Sisi tulijifunza mapema kwamba Rais anaweza kuwa jirani anayepita shambani kwako asubuhi. Nadhani tumelizoea jambo hili mno hata hatulioni kuwa kubwa.

Jumatatu, Musoma

Kabla ya kuielekea Mwanza nilikwenda kwanza Musoma, kwa sababu ya shule. Kambarage, jina lake la nyumbani, alianza masomo Mwisenge mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Kutoka Butiama ni kama kilomita 40, na nyumbani aliacha kuchunga mbuzi. Darasa alilosomea linatunzwa hadi leo. Nilisimama mbele yake huku watoto wa sasa wakipiga kelele za mapumziko uwanjani. Mwaka 1937 alikuwa ameshafika Tabora, baadaye Makerere, kisha Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu.

Mji huu una jambo jingine ambalo watu wengi wa rika la chini hawalijui. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa ikatoa Azimio la Musoma: kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977, badala ya kusubiri 1989 kama ilivyokuwa imepangwa mwanzo. Wakati wa Uhuru watoto wa shule za msingi nchi nzima hawakufika laki tano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya milioni tatu.

Walimu wa kuwafundisha watoto hao walitoka wapi? Walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu vijijini huku tayari wakisimama darasani, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa mkufunzi aliyewatembelea. Ndio walioitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na watu wakawabeza kwamba UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Nakumbuka daftari lake la maandalio, mistari imepigwa kwa rula na kalamu nyekundu, na jinsi alivyokaa na redio jioni akiandika huku ameniambia ninyamaze. Aliwafundisha kusoma watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kushika kalamu. Ni kweli kwamba ubora wa elimu ulishuka, madarasa yalijaa na vitabu vikakosekana. Lakini anayecheka kizazi kile cha walimu aeleze kwanza nani mwingine angeingia darasani katika vijiji elfu kwa wakati mmoja.

Jioni nilikula sato na ugali wa muhogo karibu na mwalo, dagaa wameanikwa pande zote. Mama aliyenihudumia aliposikia nimetoka Mwisenge alisema wajukuu zake wawili wanasoma pale, na kwamba mvua ikinyesha daftari zinakuja zimelowa. Akanitoza nusu ya bei ya samaki kwa sababu, alivyosema, mtu anayemfuata Mwalimu hapaswi kulala njaa Musoma.

Jumanne, Kiabakari na Bunda

Hapa ndipo nilipoianza njia yenyewe. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa barabarani nje kidogo ya Kiabakari, lami ikiwa bado ya baridi, malori ya Sirari yakinipita. Mwaka 1967 hapakuwa na lami hii. Ilikuwa vumbi.

Mzee mmoja niliyemkuta akifungua duka lake alikuwa darasa la tatu wakati ule. Alinivutia kigoda. "Kaa hapa, mura, nikwambie." Anasema mwalimu wao aliwatoa shule kabla ya jua kuchomoza, wakapanga mstari kando ya barabara wakiwa na matawi mikononi. Walisubiri mpaka wadogo wakaanza kulia. Kisha wakaona vumbi, wakasikia watu wanaimba, na katikati ya kundi yumo mtu mwembamba mwenye kifimbo anayetembea haraka kuliko wote. Watoto wakaacha mstari wakaungana na kundi, wakatembea mpaka kijiji cha pili, walimu wakihangaika kuwarudisha. "Nilichapwa kesho yake," alisema mzee, "na sikujali."

Nilimuuliza kama walijua Azimio ni nini. Akasema hawakujua. Walijua tu kwamba Rais wa nchi anapita kwa miguu kwenye barabara ambayo bwana shauri wa Kizungu alikuwa akiipita kwa gari huku wazee wakivua kofia.

Bunda nilifika saa sita. Jirani wa rafiki yangu, bibi wa miaka themanini na ushee, alikubali kuzungumza nami, na mazungumzo yake yamenikaa kuliko mengine yote ya safari hii. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, familia yake ilihamishwa. Amri ya kwamba kila mtu aishi kijijini ilikuwa imetolewa mwaka uliotangulia. Walikuja wanamgambo na lori wakati mtama ulikuwa bado shambani. Wakaezua paa la nyumba ili wasirudi. Kule walikohamishiwa hapakuwa na kivuli hata cha mti mmoja, maji yako mbali, na mwaka ule walikula mahindi ya msaada. Makaburi ya wakwe zake yalibaki kwenye mahame, na shamba lile baadaye likachukuliwa na wengine.

"Sikumsamehe siku nyingi," alisema. Alisema hivyo akiniangalia usoni, na sikuona sababu ya kumtetea Mwalimu mbele yake. Ujamaa ulianza kama hiari, kwa watu kukubaliana. Kuusukuma kwa lori na moto ilikuwa dhuluma, hata kama nia ilikuwa kuwapelekea watu shule, zahanati na bomba.

Lakini bibi hakuishia hapo. Katika kijiji hicho kipya ndiko alikojifunza kusoma. Kila jioni baada ya kazi walikusanyika chini ya paa la nyasi kwa kisomo, wanawake na watoto mgongoni, na mwalimu wao akiwa kijana wa darasa la saba. Kanda ya Ziwa ilitangulia katika hili: kati ya 1968 na 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo ulioungwa mkono na UNESCO, na vitabu vyake vilihusu mambo ambayo watu walikuwa wakiyafanya tayari, kama pamba, uvuvi na ndizi. Mwaka 1967 watu wazima wawili kati ya watatu nchini hawakujua kusoma. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha wamebaki chini ya mmoja kati ya kumi.

Bibi aliingia ndani akatoka na Biblia yake. Akaifungua Zaburi, akanisomea mistari mitano polepole, kidole kikifuata kila neno, bila miwani. Kisha akaifunga akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, Lamadi

Siku ya upepo na jua. Kati ya Bunda na Lamadi hifadhi ya Serengeti inakaribia kabisa barabara, na lango la Ndabaka liko kulia kwa anayetoka Mwanza, kushoto kwangu mimi ninayerudi. Septemba 1961, kabla hata ya Uhuru, Nyerere alitoa tamko Arusha kwamba wanyamapori hawa ni dhamana ya Watanganyika kwa vizazi vijavyo. Nyumbu na pundamilia walikuwa mbali, kama doa jeusi nyikani. Nikapiga picha, haikutoka vizuri, nikapanda haisi.

Alhamisi, Magu

Usukumani sasa. Salamu zimebadilika, "Mwangaluka" ndiyo ya asubuhi, na kwenye vibanda wanauza michembe. Nilivuka daraja la Mto Simiyu kwa miguu kwa makusudi, halafu nikaingia ndani ya vijiji vya pamba kuwatafuta wazee wa ushirika.

Ghala la chama cha msingi nililooneshwa lilikuwa tupu, maana msimu wa kununua ulikwisha na watu sasa wanatayarisha mashamba. Mizani ya kuning'iniza ilikuwa bado kwenye boriti, ndoano yake imekaa ng'ang'a, na nyuzi za pamba zimeshika kwenye ukuta wa tofali mpaka usawa wa kichwa. Mzee aliyekuwa karani alinionesha jinsi ya kuusoma mshale wa mizani. Alisema enzi za wanunuzi binafsi wa kikoloni, mkulima alitazama mshale huo asijue unasema nini, na ndipo alipoibiwa.

Ushirika wa hapa haukuletwa na serikali. Wakulima wenyewe waliuanzisha, Paul Bomani akiwa mbele, na mwaka 1955 ukazaliwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, uliokuwa miongoni mwa mikubwa kabisa Afrika. Walinunua pamba yao, wakawa na viwanda vya kuchambua, wakasomesha watoto. Wakati huohuo wakoloni walikuwa wamekataa kuisajili TANU Usukumani, na hali ikabaki hivyo mpaka 1958. Kwa miaka hiyo watu wa huku walijifunzia siasa kwenye mizani ya pamba.

Mwaka 1976 serikali ya Mwalimu ilivifuta vyama vikuu vya ushirika. Sababu zilikuwepo: wizi, ukabila katika uongozi, viongozi kujineemesha. Pamba ikawekwa chini ya mamlaka ya serikali, wakulima wakakopwa msimu kwa msimu, na wengine wakaacha kulima. Karani yule alinyang'anywa funguo za ghala hili siku moja asubuhi, akarudi nyumbani na kitabu cha stakabadhi kwapani. Bado anacho. Nilikishika: karatasi za kaboni zimefifia, lakini majina ya wakulima yanasomeka, na kilo mbele ya kila jina.

"Ungekuwa na Mwalimu hapa, ungemwambia nini, mzee?" nilimuuliza.

"Alishasema mwenyewe," alijibu.

Na ni kweli. Mwaka 1984, akiwa bado madarakani, Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba kama angeanza upya, kuna mambo mawili asingeyarudia: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Alisema walikosa subira na walikosa ujuzi. Sheria ya mwaka 1982 ilikuwa imesharudisha ushirika, lakini uaminifu uliovunjika haukurudishwa na sheria. Naona kukiri kule ni sehemu ya uongozi wake sawasawa na Azimio lenyewe. Ni Rais gani mwingine unayemkumbuka, aliyesema hadharani, kiti kikiwa bado chake, kwamba aliwakosea wakulima? Karani hakuhitaji fidia ili aheshimu jambo hilo. Alihitaji kusikia tu, na alisikia.

Ijumaa, Mwanza

Nilitembea kutoka Kisesa mpaka Igoma, nikapita karibu na nyumbani bila kuingia, nikaendelea Buzuruga, Mabatini, mpaka mjini. Miamba ilianza kuonekana, halafu ziwa, halafu Bugando juu ya kilima. Hospitali ile ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa 1971, serikali ikaichukua 1972, kisha Mwalimu akairudisha kwa maaskofu mwaka 1985, huku ikiendelea kutibu watu wote. Nusu ya watu ninaowajua walizaliwa pale.

Kwenye kijiwe cha bodaboda, Barabara ya Nyerere, nilikaa kupumzisha miguu. Kijana mmoja aliniuliza natoka wapi na vumbi lote lile. Nilipoeleza, akatoa noti ya elfu moja mfukoni, akaielekeza kwangu ile sura. "Huyu huyu? Alitembea?" Kisha likaja swali ambalo vijana huuliza: aliacha utajiri gani?

Nikafungua simu nikawasomea miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha. Kwamba kiongozi asiwe na mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Asimiliki hisa katika kampuni wala asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Nikawaambia pia kwamba Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipogoma, yeye mwenyewe alijikata mshahara kwa asilimia 20.

Kijiwe kikachemka. Mmoja akasema nyumba ya kupangisha si dhambi, mwenyekiti wao wa mtaa ana vyumba viwili na ni mtu safi. Mwingine akasema vyumba viwili ndiyo mwanzo, mwisho ni ghorofa. Fundi viatu wa pembeni, mtu mzima, akainua kichwa. Akatukumbusha kwamba Mwalimu huyohuyo alitawala na sheria ya kuwaweka watu kizuizini, ya mwaka 1962, na kwamba kuanzia 1965 chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo aliyekuwa na hoja tofauti alikuwa na pa kuisemea padogo sana. Nilimwambia ana haki, na kwamba miiko bila uhuru wa kuhoji inabaki mikononi mwa mtu mmoja mwema, na mtu huyo siku moja anaondoka.

"Ameondoka na miiko yake," fundi akasema. "Chama kiliilegeza Zanzibar mwaka 1991, naye akiwa hai. Alilalamika sana."

"Kwa hiyo sasa hivi kiongozi anaruhusiwa vyote hivyo?" kijana wa noti akauliza.

"Anatakiwa aorodheshe mali zake."

"Na sisi tunaiona hiyo orodha?"

Hakuna aliyemjibu haraka. Akaniomba nimtumie yale maandishi ya miiko, nikamtumia, naye palepale akayarusha kwenye kundi la madereva wenzake, akiongeza swali lake la orodha kwa chini. Mteja wa Capri Point alipofika, simu yake ilikuwa imeshaanza kulia mfululizo.